Bursi ya masta kwa aliyesoma chuo kidogo: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, binti aliyemaliza katika chuo kidogo cha hapa mjini alikuja kwangu Katuba na bahasha ya kaki. Alitandaza karatasi zake mezani moja baada ya nyingine, kisha akaweka kidole kwenye asilimia ya mwaka wa mwisho: 67.

"Yaya, na pointi hizi si niache tu?"

Nilimuuliza alikuwa wa ngapi darasani. Wa pili, akasema, kati ya watu 43. Nikazipitia karatasi zote upya nikitafuta mahali palipoandikwa hivyo. Hapakuwa.

Hapo ndipo wengi wetu tuliotoka vyuo vidogo tunapokwama. Mtu anayesoma faili lako akiwa Brussels, Bonn au Ankara hajawahi kusikia jina la chuo chako, hajui 67 ya Kongo ina uzito gani, na neno "licence" kwake lina maana nyingine. Ana mafaili mengi na muda mfupi. Asipoelewa, anaweka pembeni. Kwa hiyo kazi yako ni kufanya faili lako lisomeke na mgeni, na kazi hiyo huanza mapema: ukitaka kuingia darasani mwezi wa tisa, anza kukusanya karatasi mwezi wa saba wa mwaka uliotangulia.

Nitasema bursi, kwa kuwa ndivyo tunavyosema hapa. Ni ule ule ufadhili wa masomo. Na masta ni shahada ya uzamili.

Hatua ya 1: Jua shahada yako inahesabiwaje nje

Kongo ina mifumo miwili inayopishana. Katika mfumo wa zamani ulisoma graduat miaka 3, kisha licence miaka 2, jumla miaka 5 baada ya Diploma ya Serikali (ile ya kumaliza sekondari). Katika mfumo mpya wa LMD (licence, masta, doctorat), licence ni miaka 3 yenye kredi 180, na masta ni miaka 2 yenye kredi 120. Neno ni lile lile, miaka ni tofauti.

Ukiwa na licence ya zamani, usiandike "licence" peke yake popote. Andika "licence, miaka 5 ya chuo kikuu baada ya sekondari". Nimeona watu wenye miaka 5 wakihesabiwa kama wenye 3 kwa sababu hawakuongeza maneno hayo machache. Ukiwa na licence ya LMD, miaka 3 yako inatosha kuomba masta sehemu nyingi. Andika na kredi zake. Ukiwa na graduat tu, usijaze fomu yoyote kwanza. Iandikie kozi unayoitaka barua pepe fupi uwaulize kama wanaikubali kama shahada ya kwanza. Wengine hukubali, wengine hawakubali, na ni afadhali uambiwe mwezi wa nane kuliko mwezi wa pili.

Hatua ya 2: Karatasi, na majina yaliyo juu yake

Unahitaji relevé de cotes (karatasi ya alama) ya kila mwaka uliosoma, siyo ya mwaka wa mwisho tu. Unahitaji diploma, au kama haijatoka (na kwetu inaweza kuchelewa sana), attestation de réussite (hati ya kufaulu) yenye saini na muhuri. Ongeza cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Nenda apparitorat (ofisi ya chuo inayoandikisha wanafunzi) mwenyewe, asubuhi, uombe nakala halisi mbili za kila relevé, ukiwa umeandika ombi lako kwenye karatasi ili wabaki na kumbukumbu. Lipia kinachotakiwa kulipiwa, chukua risiti, uliza tarehe ya kurudi, na urudi tarehe hiyo hiyo.

Skani kila karatasi kwa rangi, iwe PDF moja kwa kila waraka, na uipe jina linaloeleweka: "Releve_L2" badala ya "IMG_20394". Picha ya simu iliyopigwa mezani yenye kivuli cha kichwa chako haifai. Pale mjini cyber nyingi zina skana. Tumia siku moja umalize zote, na ujitumie mwenyewe kwa barua pepe ili zisipotee simu ikiibwa.

Sasa majina. Sisi tuna jina (la ukoo), postnom (jina la pili) na prénom (jina la kupewa, kama Joseph), na fomu za nje zina nafasi mbili tu. Chukua mfano wa mtu anayeitwa Kabamba Mwansa Joseph. Kwenye diploma ni Kabamba Mwansa Joseph, kwenye kadi ya mpiga kura ni Kabamba Joseph, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Joseph Kabamba. Kwa macho ya mtu wa nje hao wanaweza kuwa watu watatu. Fuata pasipoti, na ndani ya pasipoti fuata mistari miwili ya herufi kubwa chini ya ukurasa wenye picha yako. Kwenye mstari wa kwanza utaona alama hizi: <<. Kilicho kabla ya alama hizo mbili, baada ya herufi za nchi, ndicho jina la ukoo kwa mashine zote duniani. Kilicho baada yake ni majina uliyopewa. Jaza hivyo hivyo kwenye kila fomu, kila mara, bila kubadilisha. Kama diploma ina herufi iliyokosewa, usinyamaze ukitumaini hawataona. Rudi chuoni wairekebishe au wakupe barua inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Chuo kidogo kinaweza kukufanyia hilo kwa wiki. Ni moja ya faida zake.

Hatua ya 3: Fanya pointi zako zisomeke

Hapa ndipo nataka usimame zaidi, maana ndipo mimi mwenyewe nilipoangukia.

Kwetu, asilimia 50 hadi 69 ni satisfaction, 70 hadi 79 ni distinction, 80 hadi 89 ni grande distinction, na kuanzia 90 ni la plus grande distinction. Kila aliyesoma hapa anajua kwamba distinction haigawiwi kama karanga, na kuna promosheni (darasa la mwaka mmoja) nzima zinazomaliza bila hata mmoja kuipata. Lakini 67 hiyo hiyo, katika shule nyingi za Marekani, ni alama ya D. Ukiigeuza kwa kipimo cha Ufaransa cha 20 inakuwa 13,4, ambayo huko huitwa assez bien na hakuna anayeionea haya. Pointi ni zile zile. Msomaji ndiye aliyebadilika.

Mara yangu ya kwanza kuomba nilituma relevé zikiwa uchi, bila maelezo. Jibu lilikuja kwa sentensi moja kwamba alama zangu hazikufikia kiwango. Nilikuwa wa kwanza katika promosheni yangu. Niliumia, na nilikaa miezi kadhaa nikiamini kwamba watu wa chuo chetu hatuna nafasi. Mwaka uliofuata niliongeza ukurasa mmoja tu kwenye faili lile lile, na nikaitwa kwenye usaili.

Ukurasa huo ni barua ya chuo, kwenye karatasi yenye nembo, iliyosainiwa na SGAC (katibu mkuu wa masomo wa chuo) au na mkuu wa sehemu yako. Iandikwe kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza kama unaomba kwa Kiingereza. Iseme mambo haya, na isiseme mengine: kipimo cha daraja za Kongo kama nilivyoandika hapo juu, wanafunzi wangapi walikuwa katika promosheni yako mwaka wa mwisho, wangapi walipata distinction, wangapi satisfaction, wangapi walishindwa, na wewe ulikuwa wa ngapi. Namba hizo zipo kwenye palmarès (orodha ya matokeo) ya kila kikao cha mitihani. Unaweza kumwandalia SGAC rasimu yenye nafasi tupu ili aijaze kutoka kwenye daftari lake, maana hizo ni takwimu za chuo na ni wao wanaopaswa kuzithibitisha. Usizijaze wewe.

Binti wa bahasha alirudi na barua yake baada ya wiki tatu. Katika darasa lake hakuna aliyepata distinction, hata mmoja. Soma tena 67 yake ukijua hilo.

Hatua ya 4: Chagua bursi inayokufaa, siyo inayojulikana

Watu hukimbilia jina kubwa walilolisikia kwa rafiki. Kabla ya kufungua tovuti yoyote, jiulize mambo manne: nina umri gani, nimefanya kazi miaka mingapi, pointi zangu zikoje, na ninaandika lugha gani vizuri. Majibu hayo yatakuondolea nusu ya orodha, na hiyo ni faida.

Anza na umri, kwa sababu mfumo wa zamani na miaka ya migomo umetuchelewesha wengi. Bursi ya Eiffel ya Ufaransa, kwa masta, huchukua watu wasiozidi miaka 25. Tena huiombi wewe: chuo cha Ufaransa ndicho kinachokupendekeza, hivyo unatakiwa kuwasiliana na chuo hicho mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kabla hawajapeleka majina mwanzoni mwa mwezi wa kwanza. Türkiye Bursları ya Uturuki hutaka uwe chini ya miaka 30 kwa masta, na kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Januari hadi 20 Februari. Lakini angalia sharti lake la pointi: asilimia 75 kwa wanaoomba masta. Mwenye 67 hapo atajichosha bure, hata awe wa kwanza darasani. Mwenye 76 aende haraka.

Kama umefanya kazi, miaka hiyo inaweza kuwa nguvu yako. Bursi za ARES zinatolewa na muungano wa vyuo vya Ubelgiji wa Kifaransa kwa watu wa nchi maalumu, Kongo ikiwemo. Kozi nyingi ni za Kifaransa na hupangwa kwa watu ambao tayari wako kazini na watarudi kuitumia elimu yao. Kwa mwalimu, muuguzi, mtu wa kilimo au wa mazingira kutoka chuo kidogo, mimi ningeanzia hapo. Upande wa Flanders (Ubelgiji wa Kiholanzi) kuna bursi za VLIR-UOS, wenye masta za Kiingereza. Ujerumani, DAAD (shirika lao la kubadilishana wanafunzi) ina kundi la kozi linaloitwa EPOS: wanataka angalau miaka 2 ya kazi baada ya shahada, na shahada isiwe imepita miaka 6. Kila kozi ya EPOS ina tarehe yake, na unaomba kwenye kozi yenyewe.

Chevening ya Uingereza inatufungulia mlango sisi Wakongomani. Sharti ni saa 2.800 za kazi, sawa na kama miaka 2, na wengi hawajui kwamba kazi ya kujitolea na kazi ya nusu siku zinahesabiwa. Ulifundisha saa 15 kwa wiki katika shule ya Ruashi? Hesabu. Ulihudumu bila mshahara katika kituo cha afya? Hesabu. Unachagua kozi 3, na ukipata unaahidi kurudi nyumbani kwa miaka 2. Kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa nane na kufungwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Ila usichanganye na bursi za Commonwealth, ambazo jirani zetu wa Zambia, Tanzania, Uganda na Rwanda huziomba. Kongo si mwanachama wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo hizo hazituhusu.

Erasmus Mundus, bursi ya Umoja wa Ulaya, haina sharti la umri, na hulipa euro 1.400 kwa mwezi. Unasoma katika nchi mbili au zaidi. Siku hizi unaweza kuomba kozi nyingi kadiri unavyoweza, tarehe nyingi zikiwa kati ya mwezi wa kumi na wa kwanza. Kozi karibu zote ni za Kiingereza. Fungua orodha rasmi ya kozi kwenye tovuti ya Umoja wa Ulaya, tafuta kozi ya fani yako hasa, halafu soma ukurasa wa jinsi wanavyochagua: wengine huandika wazi kwamba pointi ni sehemu kadhaa, uzoefu sehemu kadhaa, barua sehemu kadhaa. Ukiona uzoefu una uzito, hapo ni kwako.

Usisahau Afrika. Pan African University ya Umoja wa Afrika ina taasisi zake Juja nchini Kenya, Yaoundé, Ibadan na Tlemcen, na kwa masta umri ni hadi miaka 30 kwa wanaume na 35 kwa wanawake. Yule anayekwenda Juja anakwenda mahali anapoweza kununua mboga kwa Kiswahili, na hilo si jambo dogo mwaka wa kwanza. Kwa familia za Kimethodisti za Katanga, Africa University huko Mutare, Zimbabwe, inajulikana tangu ilipofunguliwa mwaka 1992, na ina misaada yake kwa wanafunzi. Mwone mchungaji wako mapema. Ukiomba chuo chochote cha Kenya, Uganda au Tanzania, waulize kama wanakutoza ada ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini si kila ofisi ya ada imezoea hilo, na tofauti ya ada inaweza kuwa kubwa. Waombe wajibu kwa maandishi.

Kutoka kwenye yote haya, chagua nne. Sita ni nyingi kwa mtu anayefanya kazi, na moja ni kucheza bahati nasibu.

Hatua ya 5: Barua za walimu

Hapa aliyesoma chuo kidogo ana kitu ambacho wa chuo kikubwa hana. Profesa wa ukumbi wa watu 600 hakujui. Wako anakujua kwa jina, anajua ulikaa wapi, alikuona siku ulipowasilisha kazi yako ya mwisho ukitetemeka. Barua yake inaweza kusema mambo ya kweli, yenye sura. Shida ni kwamba asipopewa kumbukumbu ataandika "ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu", maneno yaliyomo katika kila barua duniani.

Nenda umwone ana kwa ana. Ujumbe wa WhatsApp peke yake ni utovu wa adabu kwa mtu unayemwomba saa mbili za maisha yake. Msalimie, muulize habari za nyumbani, kisha mwombe kwa maneno haya: "Prof, naomba kujua kama unaweza kuniandikia barua nzuri." Neno "nzuri" linampa nafasi ya kukataa kwa heshima, na barua baridi ni mbaya kuliko kukosa barua. Akikubali, mwachie karatasi moja: kozi zake ulizosoma na pointi ulizopata, kichwa cha kazi yako ya mwisho, mambo mawili au matatu uliyofanya aliyoyaona kwa macho yake, jina la bursi, kiungo na tarehe ya mwisho. Mpe miezi miwili. Mkumbushe baada ya mwezi, halafu wiki moja kabla.

Linganisha. "Ana ari ya utafiti." Na hii: "Alikusanya sampuli 40 za maji ya visima vya Ruashi kwa miezi miwili; vipimo vya kwanza vilipoharibika, alirudi kisima kwa kisima akaanza upya." Ya pili iliandikwa na chef de travaux, hata si profesa, na kwangu ina uzito kuliko ya rekta (mkuu wa chuo kikuu) asiyekujua. Anayekujua ndiye aandike.

Itatokea aseme, "Andika mwenyewe, nitasaini." Ni desturi yetu, naye hana nia mbaya, amechoka tu. Usikubali. Fomu nyingi humtaka athibitishe kwamba maneno ni yake, na msomaji hutambua barua mbili zilizotoka kalamu moja. Mwambie, "Prof, nitakuletea maelezo yote, wewe unieleze kwa maneno yako," kisha umpelekee ile karatasi.

Kuna fomu zinazotaka barua pepe ya chuo, wakati walimu wengi wa vyuo vidogo wanatumia Gmail. Iandikie ofisi ya bursi kabla ya tarehe, ueleze kwamba chuo hakina anwani zake, na uwatumie ukurasa wenye nembo, muhuri na namba ya simu ya mwalimu. Hifadhi jibu lao.

Hatua ya 6: Barua yako

Kama inaanza na "Tangu utotoni nilikuwa na ndoto", futa. Anza na kazi yako na mahali ilipo. "Nafundisha kemia Kipushi, darasa la wanafunzi 60, bila maabara, asidi naionyesha kwa ndimu." Mtu aliyesoma sentensi hiyo tayari anakuona. Kisha sema kitu gani kimekushinda hapo ambacho kozi hii, kwa jina la somo lake fulani, itakufundisha. Kisha sema utarudi kufanya nini, na nani anakusubiri: shule gani, kituo gani cha afya, ushirika gani. Ukurasa mmoja na nusu. Jina la chuo chako usilifiche wala usiliombee radhi. Andika sentensi moja inayosema ni chuo cha nini na kilianzishwa lini, basi.

Mpe mtu asiye wa fani yako aisome kwa sauti. Anapokwama, ndipo pa kurekebisha.

Hatua ya 7: Lugha

Kwa kozi za Kifaransa, attestation ya chuo inayosema ulisoma kwa Kifaransa mara nyingi inatosha. Kwa Kiingereza, kwanza angalia kozi inakubali mtihani gani. Duolingo English Test unafanyiwa nyumbani kwa karibu dola 70 na majibu hutoka kwa siku mbili, lakini si kila chuo kinaupokea. Usilipe mtihani wowote kabla ya kuona jina lake kwenye ukurasa wa kozi. Na usiufanye siku ambayo SNEL imekuwa ikikata umeme mtaani kwenu. Omba ofisi yenye jenereta na intaneti ya uhakika.

Hatua ya 8: Kutuma

Tuma siku tatu kabla. Chevening, kwa mfano, hufunga saa sita mchana kwa saa ya kimataifa, ambayo hapa Lubumbashi ni saa nane mchana. Anayesubiri usiku wa siku ya mwisho amekwisha kufungiwa. Pia kumbuka Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kama unasoma tangazo la ubalozi. Ukishatuma, hifadhi barua pepe ya uthibitisho na picha ya skrini.

Pesa za hapa hapa, kama hutoki

Si kila mtu anataka au anaweza kuondoka, na masta ya hapa nayo ina njia zake. Mwandikie DG (mkurugenzi mkuu) wa chuo kidogo, au rekta kama ni chuo kikuu, barua ya kuomba kulipa minerval (ada ya masomo) kwa awamu. Weka tarehe na kiasi cha kila awamu ndani ya barua. Ombi lenye tarehe hujibiwa, lenye machozi matupu huwekwa chini ya mengine. Pata saini yake kabla ya mitihani, maana ni wakati wa mitihani ndipo watu hurudishwa mlangoni. Uliza pia kama sehemu yako inahitaji msaidizi wa maabara, wa maktaba au wa kufundisha mazoezi. Chuo kidogo huwa kinahitaji mikono, na kazi hiyo inahesabika baadaye katika uzoefu wako.

Kuna programu ya BEBUC, iliyoanzishwa na Profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg pamoja na Profesa Virima Mudogo wa Kinshasa, kwa ajili ya wanafunzi bora wa vyuo vya Kongo. Hupitia vyuo, kwa hiyo muulize SGAC wako kama chuo chenu kinashirikiana nayo. Na kama unatoka katika jamii iliyo karibu na mgodi, Likasi, Kolwezi, Fungurume, ujue kwamba sheria ya madini ya 2018 inaitaka kampuni itenge angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Mwone mwakilishi wa jamii yenu katika chombo kinachosimamia fedha hizo, umuulize kama masomo yamo kwenye mpango. Nenda na karatasi zako, siyo na malalamiko.

Matapeli

Bursi ya kweli haikuuzii nafasi. Mtu akikuambia utume dola 50 za "frais de dossier" (ada ya faili) kwenye Airtel Money au M-Pesa ili jina lako "lipitishwe", funga simu. Vyuo vingine hutoza ada ya kuomba kujiunga, ndiyo, lakini hulipwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe na hutoa risiti. Soma anwani ya tovuti herufi kwa herufi kabla ya kuandika namba ya pasipoti.

Baada ya jibu

Ukikubaliwa, uliza kwa maandishi siku hiyo hiyo nani analipa tiketi, viza, bima, na safari ya kwenda Kinshasa kwa ajili ya viza kama itahitajika, na kama wanalipa mapema au wanarudisha baadaye. Familia nyingi hukopa vibaya kwa sababu hakuna aliyeuliza. Uliza pia malipo ya kwanza ya mwezi yataingia lini baada ya kufika, kwa kuwa wiki za mwanzo utaishi kwa ulichobeba.

Ukikataliwa, jibu kwa heshima, uombe kujua sababu, wengine hueleza. Kisha rudisha faili mezani. Karatasi ulizonazo bado ni zako, barua ya SGAC haiozi, na uzoefu wako umeongezeka mwaka mmoja. Badilisha kile kilichokosekana tu.

Binti wa Katuba alikataliwa mbili mwaka wa kwanza, na moja ikamweka kwenye orodha ya akiba. Mwaka huu ametuma nne. Bahasha ni ile ile ya kaki, imeanza kuchanika pembeni. Karatasi ya juu kabisa ni barua ya chuo chake, yenye muhuri wa bluu na mstari mmoja mfupi katikati: wa pili kati ya 43.